Wiki Tusekile Alipoanguka Darasani

Jumatatu, 5 Mei

Taarifa ya wiki imeshakwenda kwa wazazi. Nimeiandika wakati wa mapumziko, ukungu bado umelala uwanjani. Kuni za jikoni zimefika, uji upo. Watoto wavae sweta. Darasa la Pili wana mafua. Mwenye mtoto anayekohoa sana aje tuzungumze. Basi.

Wenye simu kubwa wameipata kwenye kundi. Wenye viswaswadu nimewatumia mmoja mmoja mpaka kidole gumba kimeuma. Waliobaki, wengi mabibi wanaolea wajukuu, nawafuata kwa miguu, au tunakutana njiani wametoka shambani na ndizi kichwani. Hiyo ndiyo kazi ya mwalimu wa malezi hapa Ikuti. Nilipopangiwa huku kutoka Singida nilidhani malezi ni kukemea wanaochelewa.

Baridi kali. Nimevaa soksi juu ya soksi.

Jumatano, 7 Mei

Tusekile wa Darasa la Nne hanywi uji. Nimekuwa nikimwona tangu wiki iliyopita, anampa rafiki yake kikombe, kisha anakwenda kukaa ukutani. Leo nimemwita. Unaumwa? Akatikisa kichwa. Kuna mtu anakusumbua? Akatikisa kichwa. Nyumbani kuna shida? Hapo hakutikisa kichwa. Aliangalia viatu vyake.

Huyu ndiye aliyekuwa akituanzishia nyimbo mstarini. Sauti kubwa kuliko mwili. Walimu wenzangu ambao ni Wanyakyusa wameniambia jina lake maana yake ni tumefurahi.

Baba yake alifariki zamani. Mama anafanya kazi Mbeya, ndivyo tunavyojua hapa shuleni. Anaishi na bibi yake mzaa mama, Bibi Atuganile. Simu ya bibi haipatikani. Nilitaka kwenda mwenyewe jioni, mvua ikashuka kama inamwagwa kwa ndoo. Sikwenda.

Alhamisi, 8 Mei

Kipindi cha Hisabati, Darasa la Nne. Nilikuwa chumba cha pili. Nikasikia ukelele mmoja mrefu, kisha dawati kuanguka. Nimefika nikamkuta Tusekile sakafuni, macho wazi, mikono imekakamaa. Nimempakata. Hakunitambua. Kabla hajatulia, msichana wa dawati la mbele akaanza kulia, naye akaanguka. Kisha mwingine. Kisha mwingine. Darasa zima likatoka nje kwa mlango na kwa madirisha. Darasa la Tatu wakawaona wenzao wanakimbia, na wao wakakimbia.

Tumewalaza ofisini kwenye mikeka. Nesi wa zahanati amekuja mbio na gumboti zake. Amewapima wote. Hawana homa wala malaria, na hakuna aliyekula kitu kibaya. Amesema hofu inaambukiza watoto kama mafua, mmoja akiwa na jambo zito moyoni wengine wanaanguka naye. Akaniuliza, yule wa kwanza ana nini? Nikasema sijui.

Sijui. Mwalimu wa malezi, na sijui.

Walipozinduka tumewapa maji ya sukari. Tusekile amelala mpaka kengele ya mwisho. Jirani yake alikuja kumchukua, akambeba mgongoni.

Jioni kundi la wazazi limejaa sauti. Mapepo. Shule imejengwa juu ya makaburi. Kuna mtu amemroga mwalimu mkuu ikawapata watoto. Nimezisikiliza zote. Nimezima simu.

Ijumaa, 9 Mei

Nusu ya madawati wazi.

Niliandika taarifa asubuhi na mapema. Nikaeleza kilichotokea, nani amewapima, nini kimeonekana, nini bado hatujakijua. Mkuu wa shule akaisoma akiwa amesimama. Ni mtu mwema na ni mwoga. Alisema nikiandika "hatujui" tumekwisha. Akaniambia andika: watoto wote ni wazima, hakuna tatizo lolote, masomo yanaendelea. Nilibisha. Akasema yeye ndiye atakayeitwa wilayani, mimi sitaitwa.

Nimeituma sentensi yake kwa jina langu. Imenikera siku nzima.

Saa nne akanipigia Mzee Salum, anayeshona sare sokoni Tukuyu. Familia yake iko huku na binti yake yuko Darasa la Nne. Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka.

"Mwalimu, wewe unaniandikia hakuna tatizo. Mwanangu tangu jana hataki kuingia chooni peke yake. Sasa nimwamini nani?"

Nikamwambia amwamini mwanawe. Akasema ahsante, akakata.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda kwa Bibi Atuganile. Njia yote tope. Nyumba iko chini ya migomba, uani pamefagiliwa safi, jiko linatoka moshi. Tusekile alikuwa amelala ndani. Bibi akanipa kigoda na kikombe cha maziwa. Ndaga, ndaga, tukasalimiana kwa muda mrefu. Kisha akavuta kigoda chake karibu na changu na kuanza kunong'ona.

Mama yake Tusekile hayuko Mbeya. Amefariki. Aliugua ghafla wakati wa likizo ya Pasaka, akafia hospitali, akazikwa Kinyala kwenye ukoo wa mumewe, kando ya kaburi la mumewe. Mtoto walimwacha kwa jirani. Wajomba walikaa kikao wakakubaliana asiambiwe mpaka amalize mtihani wa Darasa la Nne mwishoni mwa mwaka. Baba yake alipokufa aliacha kula, wakakaribia kumpoteza. Hivyo hapa Ikuti hakuna aliyelia; majirani wachache wanaojua waliombwa wanyamaze. Bibi mwenyewe amemzika mwanawe wa mwisho, akarudi, akapika, akamwambia mjukuu mama ana kazi nyingi.

"Nalilia shambani," aliniambia. "Nikirudi nanawa uso mtoni."

Mtoto kila jioni anaomba simu ampigie mama. Bibi anaiacha bila chaji. Ndiyo maana sikuwa nampata.

Nilimwambia nadhani anajua, au anahisi. Akanishika mkono. "Mwanangu, usimwambie. Nakuomba. Mimi sina mdomo wa kulisema."

Nimeahidi. Si msiba wangu kuutangaza.

Nimerudi nikilia njiani kama mjinga.

Jumapili, 11 Mei

Sikutoka. Nimefua nguo, hazikauki.

Nimempigia nesi bila kutaja jina. Nikamuuliza mtoto anayefichwa msiba inakuwaje. Akasema mtoto anaona watu wananyamaza akiingia. Anaona macho mekundu. Anabaki kuubeba peke yake.

Nina hasira na wajomba. Kisha namkumbuka bibi ananawa uso mtoni, hasira inaisha.

Jumatatu, 12 Mei

Tusekile amekuja. Sijui kwa nini alikuja. Labda nyumbani pamekuwa pazito.

Alipoingia darasani wawili wakaanza kulia. Mmoja akaanguka. Yeye hakuanguka leo. Alisimama mlangoni na begi lake, anawaangalia wenzake wanamkimbia.

Mchana wazazi wamejaa uwanjani. Wengine wamekuja na mwombaji wa kutoa mapepo, mwenye kipaza sauti. Wanataka kikao. Mama mmoja akasema mbele ya watu, yule aliyeanza ndiye mwenye hilo pepo, aondolewe, watoto wetu watapona. Watu wakaitikia. Tusekile alikuwa nyuma ya dirisha la ofisi. Alisikia neno kwa neno. Niliona bega lake likishuka.

Mkuu amewaahidi kikao Jumatano. Kisha akanivuta pembeni: kwani vibaya bibi akikaa naye nyumbani mwezi mmoja, mambo yapoe? Nikamwambia akimfukuza mtoto huyu anifukuze na mimi. Nimepandisha sauti. Walimu wenzangu wakageuka kuangalia ubao.

Jumanne, 13 Mei

Nilimrudisha Tusekile nyumbani mwenyewe saa za kula. Njiani nilimshika mkono, akauacha mkononi mwangu.

Nilimwita bibi nyuma ya nyumba nikamwambia wanachosema shuleni, kwamba mjukuu wake ana pepo na kesho watataka aondolewe. Sikumwambia la kufanya. Nilisema tu anapaswa kujua, maana ni mtoto wake.

Bibi alikaa chini, kwenye nyasi zilizolowa. Alikaa hivyo mpaka nikaogopa. Kisha akafunga kanga yake vizuri, akaniambia nisiondoke, akaenda jikoni.

Aliketi karibu na moto akamwita Tusekile akae mbele yake. Akamwambia kwa Kinyakyusa. Mimi sielewi vizuri, lakini nilielewa. Lilikuwa neno fupi.

Tusekile hakulia mara moja. Aliuliza maswali, kwa Kiswahili, labda kwa sababu yangu. Alizikwa siku gani? Mvua ilikuwa inanyesha? Nani alimvalisha? Alivaa lile gauni la maua? Bibi akajibu moja moja. Mvua ilikuwa inanyesha. Alivaa lile la maua.

"Nilisikia kwa watoto bombani," akasema. "Nikataka kukuuliza, bibi. Nikaogopa nikikuuliza na wewe utakufa."

Ndipo walipolia. Wote wawili, kwa sauti kubwa, kilio ambacho hakikupigwa nyumba ile siku yake. Majirani wakasikia, wakaanza kuingia uani mmoja baada ya mwingine, kanga kichwani. Hakuna aliyeuliza kuna nini.

Nimewaacha na watu wao.

Jumatano, 14 Mei

Kikao. Chumba cha Darasa la Saba hakikutosha, wengine walisimama dirishani na miavuli. Mzee Salum alifunga duka akapanda kutoka Tukuyu.

Mkuu alikuwa ameandaa maneno. Hakuyamaliza. Yule mama wa juzi akasimama tena na lile lile la kumwondoa aliyeanza. Nilikuwa nafungua mdomo. Kumbe Bibi Atuganile alikuwa kaketi nyuma, kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kidevuni. Akasimama taratibu. Watu wazima wa hapa wakikiona kichwa chenye mvi kinasimama wananyamaza.

Alianza kwa lugha yake, kisha akageukia Kiswahili ili na sisi wageni tusikie.

"Mjukuu wangu hana pepo. Mjukuu wangu ana msiba. Amefiwa na mama yake, mwanangu Bupe, na mimi nilimficha. Nilidhani namlinda. Kama kuna aliyewaangusha watoto wenu ni huu mdomo wangu ulionyamaza. Msimfukuze. Nilaumuni mimi."

Akakaa.

Mvua ilipiga bati. Kisha yule mama aliyetaka Tusekile aondolewe akatoka mahali pake, akapita kati ya madawati, akapiga magoti mbele ya bibi. Sikusikia alichosema. Niliona bibi anamshika kichwa.

Baada ya hapo watu wakaanza kusema. Baba mmoja akasema binti yake aliyeanguka Alhamisi halali vizuri tangu yeye na mkewe waanze kugombana. Aliyasema akiangalia sakafu. Mzee Salum akasema yeye haombi mengi, anaomba shule ikijua jambo imwambie, na ikiwa haijui imwambie vilevile.

Mkuu alisimama. Nilidhani atajitetea. Akasema ile taarifa ya Ijumaa aliiamuru yeye, mwalimu alikuwa ameandika kweli. Nimemsamehe palepale, hata kama sikuwa nimepanga.

Mwombaji aliomba sala fupi, bila kipaza sauti.

Ijumaa, 16 Mei

Wengi wamerudi. Si wote. Familia moja imehamishia mtoto Tukuyu mjini na sidhani kama atarudi. Darasa la Tatu mmoja amepiga kelele leo asubuhi. Nilikaa naye kwenye ngazi mpaka akapumua sawa. Nikampigia mama yake hapo hapo nikamwambia kilichotokea na jinsi kilivyoisha. Alisema poa Madam, nakuja. Akaja.

Mchana Darasa la Nne wamekwenda kumpa pole mwenzao. Walijipanga wenyewe mstari, wamebeba mahindi na ndizi, wengine kuni kichwani. Nilikuwa na wasiwasi wakifika watamwogopa tena. Waliingia uani, wakasimama, hawajui la kufanya. Tusekile alikuwa anachambua maharage. Rafiki yake yule wa uji akaketi kando yake akaanza kuchambua naye. Wengine wakaketi. Mpaka tunaondoka ungo ulikuwa umezungukwa na mikono.

Nimechoka. Si uchovu mbaya.

Jumatatu, 19 Mei

Jua leo. Mlima Rungwe umeonekana wote.

Dawati la Tusekile lilikuwa wazi. Wakati wa kuita majina nilipofika kwake darasa zima likajibu kwa pamoja kwamba amekwenda Kinyala na bibi yake, kuona kaburi la mama. Walilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyosema fulani amekwenda sokoni.

Nikasema sawa. Nikaita jina linalofuata.