Wakiuru Aliporuka

Baba Wakiuru,

Hapa Gakindu tumemaliza kuchuma kahawa. Huko Eldoret mvua imefika? Mambo ya farasi ulikataza, najua, lakini jana Wakiuru aliruka vizuizi na farasi mashindanoni, ndani ya ukumbi kule Nyeri.

Mzee nyuma yangu alisema, "Anavuta hatamu sana. Si ndiye alianguka mwaka jana?"

Mwenzake akamjibu, "Ngoja. Anampa farasi nafasi ya kupima umbali."

Kwenye kizuizi cha mwisho farasi akasita. Nikajikuta nimepiga kelele, "Mama, ruka!" Ni wewe tu humwita binti yetu hivyo, kwa sababu ana jina la mama yako.

Waliruka safi. Alipotua hakunitazama mimi. Alipitisha macho kwenye viti vyote, akikutafuta.

Mama Wakiuru