Dawa Niliyoiita ya Macho

Juba, Jumamosi, Agosti 2008

Mvua imenyesha tangu asubuhi na mtaa wetu wa Juba Na Bari wote ni tope. Viatu nimeviacha nje ya mlango, vizito kama matofali. Nimechoka, macho yamevimba kwa kulia, na bado nina furaha ambayo sijaizoea. Naandika kwenye daftari kwanza kama kawaida yangu, blogu itasubiri mtandao wa shule. Nimejiapiza kwamba sitafuta kitu.

Nianze na aibu yangu.

Kwa miezi miwili nimekuwa nikijidunga dawa pungufu. Daktari wa Nakuru aliniandikia kipimo cha asubuhi na cha jioni, akakirudia mara tatu kama anayemwonya mtoto asicheze na moto. Mimi nikakipunguza. Kidogo mwanzoni, halafu nusu. Insulini ilikuwa ghali hata nilipofika hapa, lakini tangu mvua ziharibu barabara ya Nimule, inayotuletea bidhaa kutoka Uganda, bei inapanda kila ninapoingia duka la dawa. Mwenye duka ananionyesha viganja vitupu: mafuta yamepanda, dola imepanda, malori yamekwama. Kila kitu kimepanda isipokuwa mshahara wa mwalimu wa hisabati.

Kwa nini nisirudi nyumbani Kenya? Kwa sababu mshahara huohuo unawasomesha wadogo zangu wawili. Mama akipiga simu namwambia niko fiti kabisa, huku nimeshika chupa ya tatu ya maji, maana sukari ikipanda kiu haiishi. Darasani ubao ninaouandikia mwenyewe nauona kwa ukungu. Wiki iliyopita nilikosea hesabu ya kugawa mbele ya darasa la tano zima, wakanicheka, nami nikajichekesha nao.

Shuleni hakuna anayejua. Mkataba wangu hufanywa upya kila muhula, na nilijishawishi kwamba mwalimu mgonjwa ndiye wa kwanza kuachwa. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijitungia mwenyewe, nikaamini.

Sasa, chumba changu hakina umeme, na insulini haiwezi joto la Juba. Kwa hiyo tangu nifike naiweka kwa Mama Keji, sokoni Konyo Konyo. Mama Keji anauza samaki na soda. Alikaa ukimbizini Uganda miaka mingi, akarudi na jokofu moja, friza moja, na sauti inayosikika soko zima. Asubuhi nikienda shule na jioni nikirudi, naingia nyuma ya pazia lake, najidunga, natoka. Nilimwambia ni dawa ya macho. Binti wa miaka ishirini na saba na sukari? Niliona haya. Kwetu watu husema sukari ni ya wazee na ya wakubwa wenye vitambi.

Jana baada ya shule nikakuta jenereta kimya. Jirani anayewauzia umeme ameizima mpaka Jumatatu, dizeli imemshinda. Mama Keji alinipokea akitabasamu, mikono ikichuruzika maji ya samaki.

"Usiogope, mwalimu. Mashine imekufa, soda iko moto, lakini dawa yako mimi imeokoa. Nimeweka ndani ya friza, chini ya barafu ya samaki. Baridi sana!"

Chupa mbili. Dawa ya zaidi ya mwezi. Nilizichimbua katikati ya sangara, zimekuwa mawe. Insulini ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyuka haifai tena. Hilo nalijua tangu sekondari. Mama Keji hakulijua kwa sababu sikumwambia, na sikumwambia kwa sababu nilishasema ni ya macho.

"Umeniua, Mama Keji!" Ndivyo nilivyomwambia mwanamke aliyekuwa akinihifadhia dawa bila kunidai hata senti. Nilifoka mpaka wateja wakasogea kando. Tabasamu likamtoka, akachukua taulo akaanza kujifuta mikono.

Nikakaa juu ya kreti ya soda nikamwambia ukweli wote: ugonjwa, nusu dozi, kiu, ubao wenye ukungu. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo sijawahi kuliona. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Hii sukari, nani amekuambia ni ya kuficha?"

Kabla sijajibu akawa ameshatoka nje.

"Ya nas! Watu wote, sikieni! Mwalimu yangu iko na sukari, dawa imeharibika! Nani iko na mtu wa sukari nyumbani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Pale kwenye meza ya dagaa alisimama baba wa mwanafunzi wangu mmoja, na alikuwa ananitazama.

Lakini mwanamke anayeuza siagi ya karanga akanyoosha kidole upande wa nyuma ya soko. Muda si muda akaja Sunday, fundi wa kuchomelea vyuma, jitu la mabega lisilotosha mlangoni. Karakana yake naipita kila siku nikikwepa cheche. Yeye pia alirudi kutoka Uganda.

"Mwalimu, mimi iko na sukari miaka saba," alisema, kwa utulivu wa mtu anayetaja kabila lake.

Akanipeleka kwake. Kwenye kona yenye kivuli pana mtungi wa udongo ndani ya mtungi mkubwa zaidi, katikati mchanga anaoumwagilia maji asubuhi na jioni, juu gunia bichi. Ndani kuna kopo kavu, na ndani ya kopo ndimo anamoweka insulini. Niliingiza mkono. Ubaridi mzuri, wala hakuna jenereta. Miezi yote hii nimekuwa nikibeba siri mpaka kwenye jokofu la soda, kumbe jibu liko hatua hamsini kutoka hapo, kwa mtu anayewasha moto kutwa.

Alinipa chupa moja ambayo haijafunguliwa. Nilisoma karatasi yake mara mbili: ni ileile ninayotumia. Akasema niihifadhi humohumo mtungini, nitamrudishia nyingine mzigo wake ukifika. Mzigo gani? Dada yake aliye Kampala hununua kwenye duka la jumla, hupakia kwenye chupa kubwa ya chai yenye barafu iliyofungwa kitambaa ili isiguse dawa, humkabidhi utingo wa basi. Shida ni moja.

"Peke yangu nanunua kidogo, bei inabaki juu. Katoni nzima iko rahisi, lakini nani atachukua na mimi? Watu ya sukari wanajificha kama wezi."

Nilicheka kwa mara ya kwanza jana. Nilikuwa mmoja wa wezi hao.

Leo adhuhuri tumekutana kwenye karakana yake, mvua ikipiga mabati hadi tukawa tunapigiana kelele. Tumekuwa sita. Mmoja ni yule baba wa meza ya dagaa. Hakuwa ananihukumu jana. Mkewe ana sukari na amekuwa akiruka siku bila dawa kwa sababu ya bei, na alikuwa anatafuta ujasiri wa kuja kuniuliza. Tumepiga hesabu (hii sikuikosea): tukichukua katoni pamoja, kila mmoja atalipa karibu nusu ya bei ya hapa. Basi la kupeleka pesa zetu Kampala linaondoka Jumatatu. Mama Keji, ambaye hana sukari wala hakualikwa, amesema mzigo ukija ataupokea yeye, hata alfajiri.

"Friza, hapana," akaapa mkono juu. "Kalas, imekwisha."

Nilimkumbatia na harufu yake yote ya samaki, nikamwomba msamaha kwa lile neno. Alinipiga kofi jepesi la bega akaniambia nile, nimekonda. Nimekula kwake sangara na ugali, nikaingia nyuma ya pazia. Safari hii nimeliacha wazi. Nimevuta dawa hadi kwenye mstari wa daktari, nikausogelea kwa macho niuhakikishe, kisha nikajidunga.

Najua katoni moja haitengenezi barabara ya Nimule. Bei inaweza kupanda tena, basi linaweza kukwama. Na Jumatatu lazima nimwendee mwalimu mkuu nimwambie nina sukari, nahitaji kula kitu saa nne, na asisikie kutoka sokoni kabla ya kwangu. Pengine ameshasikia.

Naogopa sana. Lakini leo naogopa nikiwa na dozi nzima mwilini.