Mishubiri ya Kaburi la Doto

Samia, nimetoka kwa Mama Doto sasa hivi, natetemeka kwa hasira!

Shemeji yake, Cornel, kaleta wachimbaji uani. Wameng'oa mishubiri yote aliyoipanda Mama Doto kuzunguka kaburi la Doto, mmea pekee uliostahimili jua la Rwamgasa. Wamechimba na shimo, eti wanatafuta dhahabu. Kaburini, Samia!

Mama Doto kamuuliza, "Shemeji, hujui hapa kalala mwanangu?"

Akajibu, "Mimi naona miiba tu."

Miiba tu! Anamwambia mama mzazi!

Mama wa watu hakulia. Kashuka shimoni, kakaa chini. "Haya, nifukieni."

Wachimbaji wakatazamana, wakaweka sururu chini. Mmoja akamwambia Cornel, "Bosi, kazi hii ifanye mwenyewe."

Mama Doto alipotoka shimoni, wachimbaji wakalifukia. Sasa anapanda mishubiri upya, mikono inamtoka damu, na hataki kusaidiwa.