Kabla Hujatia Sahihi Ijumaa

Mtaa wa Las Camelias, Na. 48,
Chillán.
Jumatatu, 10 Juni 2024.

Mpendwa mdogo wangu Zunilda,

Kosa wanalofanya watu wengi siku ya kustaafu ni kujiuliza, "Nikifa mwakani, pesa zangu atazila nani?" Wachache sana hujiuliza, "Je, nisipokufa?"

Nisamehe, nimeanza na kosa kabla ya salamu. Mama angenirudisha mlangoni nibishe hodi upya. Basi hodi, mdogo wangu. U hali gani? Mgongo umepoa? Mpwa wangu Marcia na mtoto wake hawajambo? Nasikia huko Punta Arenas upepo wa wiki iliyopita uling'oa mabati. Hapa ni mvua tu, leo siku ya tisa. Wifi yako Ondina anakohoa kidogo lakini anakusalimu, na mimi bado natembea kwa miguu yangu, namshukuru Mungu.

Barua hii nimempa Yasna, binti wa jirani yetu, anayepanda ndege Jumatano kurudi kazini huko kwenu. Ameniahidi kuifikisha mkononi mwako siku hiyohiyo. Nimeandika kwa sababu tangu jana hupokei simu yangu, wala sikulaumu. Ulinipigia kwa furaha kunieleza kwamba karatasi ya pensheni imefika na kwamba Ijumaa unakwenda kutia sahihi, nami nikabaki kusema "subiri, subiri" kama mlevi, bila kukupa sababu. Ukaniambia, "Kaka, wewe ndiye uliyenifundisha kugawanya. Sasa niache nigawanye mwenyewe." Kisha, kabla hujakata, ukasema neno lililoninyima usingizi: "Na isitoshe, nafuata njia yako. Uliniambia mwenyewe, kwenye maziko ya mama."

Ni kweli, nilikuambia. Nilikuwa nimestaafu mwaka mmoja tu, nimevaa koti jipya. Nikasema mbele ya binamu zetu wote, kwa sauti ileile ya darasani, "Zuni, siku yako ikifika chukua namba kubwa. Pesa inabaki kwa jina lako, na ukifa inakwenda kwa watoto." Wote wakaitikia kwa kichwa, kwa sababu mwalimu wa hesabu amesema. Leo naomba niyafute maneno hayo, na siwezi kuyafuta bila kukueleza yaliyonipata.

Acha nieleze polepole. Unajua sina namna nyingine ya kueleza.

Unaikumbuka chupa ya jamu ya mama, ile ya beri nyeusi? Mwezi wa Aprili tulipaka mkate kwa kijiko cha supu, na wewe ulililia cha pili. Mwezi wa Agosti tulikuwa tukikwangua kwa ncha ya kisu. Njia ya kwanza kwenye karatasi yako, yenye namba kubwa, ndiyo chupa hiyo. Akiba inabaki yako, na kila mwaka wanaipima upya na kugawa kilichobaki kwa miaka wanayokukadiria. Na wanakadiria kana kwamba mtu anaweza kufika miaka mia na kumi. Ndiyo maana chupa haiishi kabisa. Inakonda tu, na kijiko kinakonda nayo.

Njia ya pili, ya kampuni ya bima, ni kama kumpa Bi Clorinda wa jirani chupa nzima, kwa mkataba kwamba kila asubuhi atakupa kijiko kimoja mpaka siku utakayokufa, hata ukiishi miaka mingapi. Kijiko hicho ni kidogo kuliko kile cha Aprili. Lakini Agosti kitakuwa kilekile, na bei za dukani zikipanda nacho kinapanda. Sharti lake ni moja: ukishampa chupa, huwezi kuidai tena.

Namba zako ulizonisomea ni peso laki mbili na themanini na moja elfu kwa njia ya kwanza, na laki mbili na arobaini na saba elfu kwa njia ya pili. Ukasema tofauti yake ni nyama ya kondoo ya mwezi mzima. Sawa, ni nyama ya mwezi huu na ya mwaka huu. Mimi nilianza na laki tatu na kumi na nane elfu, miaka kumi na miwili iliyopita. Mwezi huu nimepokea laki moja na thelathini na moja elfu.

Utaniuliza kwa nini sikuhama mapema, kwani sheria inaruhusu kutoka njia ya kwanza kwenda ya pili wakati wowote. Hiyo ndiyo faraja iliyoniangamiza. Kila Januari barua ilikuja na namba iliyopungua, na kila Januari nilisema, "Mwakani nitahama." Kisha ikaja korona, wakaturuhusu kuchota sehemu ya kumi ya akiba, halafu nyingine tena. Nilichota mara mbili. Ya kwanza ndiyo paa lile nililokutumia picha yake, ukanisifu. Ya pili ilimnunulia Nibaldo gari la kubebea mizigo, likafa injini baada ya miezi minane. Simlaumu mwanangu. Sikukuambia tu paa lile nililijenga kwa pesa gani.

Mwezi wa Machi hatimaye nikaenda ofisi ya pensheni kuhama. Nilivaa tai. Msichana wa dirishani alikuwa mpole, akaangalia kompyuta yake kwa muda mrefu, akasema, "Mzee Sanhueza, salio lako halifiki kima cha chini. Hakuna kampuni ya bima inayoweza kukuuzia pensheni ya maisha."

Nikamuuliza, "Na mwaka jana?"

Akasema, "Mwaka jana lingefika."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikudanganya kwenye simu, Zunilda. Ulipouliza tunaendeleaje nilisema tupo salama. Hatulali njaa, maana ipo nyongeza ya serikali, na nakusihi usitutumie chochote. Lakini jiko la kuni tunaliwasha saa kumi na moja jioni tu. Ondina anatakiwa kuchomwa sindano ya macho kila mwezi, naye anaenda mwezi mmoja na kuruka mmoja, kisha ananiambia anaona vizuri huku akitia chumvi kwenye chai.

Na jambo ambalo Nibaldo mwenyewe halijui: kila alasiri tunauza maandazi ya boga kwenye geti la shule niliyofundisha miaka thelathini na minne. Ondina anakaanga, mimi nabeba sufuria na kushika mwavuli. Wanafunzi wangu wa zamani huja kuchukua watoto wao. Juzijuzi mmoja wao, Robinson, niliyempa sifuri mara tatu mfululizo, alinipa noti ya elfu mbili na kuniambia, "Mwalimu, leo ni zamu yako kunipigia hesabu ya chenji, na usikosee." Tukacheka wote. Alipoondoka nikakuta amenunua maandazi manne na kuyaacha yote mezani.

Jioni ile, tuliporudi nyumbani, Ondina alivua viatu vilivyoloa. Ana miaka sabini na mitatu. Hakunipigia kelele. Alisema, "Eleuterio, wewe ulipiga hesabu za kufa kwako tu. Mimi nikiishi, uliniandika wapi?"

Nikifa kesho, atarithi chupa iliyokwanguliwa. Ningechagua njia ya pili, angepata fungu lake la mjane kila mwezi, maisha yake yote.

Sasa nakuomba, unisikilize kama mtoto yule aliyenililia kijiko cha pili. Sisemi kampuni za bima ni malaika. Yule kijana wa bima aliyekuja nyumbani kwako na kalenda na keki anapata fungu lake ukisaini, kwa hiyo usimtilie sahihi yeye wala mtu yeyote sebuleni. Unachoogopa wewe ni kwamba ukifa mapema Marcia atakosa. Hofu hiyo ina haki yake, na ina dawa: zipo pensheni za maisha zenye miaka ya dhamana, kumi au kumi na mitano, ambamo ukifa kabla, miezi iliyobaki wanalipwa warithi wako. Kijiko kinapungua kidogo tu. Karatasi uliyonisomea haikuwa na bei hizo. Una haki ya kuomba karatasi nyingine yenye bei hizo.

Fikiria pia hili. Wewe una miaka sitini. Nyongeza ya serikali utaingojea mpaka sitini na mitano, na kwa miaka hiyo mitano kijiko chako kitakuwa hicho tu. Miaka thelathini na mmoja umesimama kwenye maji baridi ya kiwanda cha kaa ili uipate chupa hii. Na wanawake wa kwetu hawafi upesi. Mama alifika tisini na nne. Shangazi Herminda ana tisini na saba na bado analalamika kwamba mkate wa siku hizi una upepo ndani.

Mimi sina tena cha kuchagua. Nimeligeuza jambo hili kila upande, kama nilivyokuwa nikigeuza mitihani ya watoto nikitafuta alama moja ya kuwaokoa, na sioni. Wewe unacho, mpaka Ijumaa. Nikasirikie upendavyo, usinipigie simu mwaka mzima ukitaka, lakini usiingie kwenye njia hii kwa sababu mimi nilikuonyesha.

Msalimie sana Marcia, umbusu mtoto kwa niaba yangu. Msalimie jirani yako Edelmira, umwambie chai yake ya mitishamba imemsaidia Ondina kikohozi. Nibaldo anakusalimu. Shangazi Herminda anasema umletee sufu ya kondoo ukija.

Mungu aliyemfikisha mama tisini na nne akufikishe nawe, na ukifika akukute una moto jikoni.

Ni mimi kaka yako akupendaye, na aliyekupotosha,
Eleuterio

Kabla hujaikunja barua hii, leo hii, wapigie simu ofisini uwaambie Ijumaa huji.