Mzazi Akae Jukwaani

Jumatatu, 3 Februari

Nimemwandikisha Chiriku kwenye timu ya kuogelea ya watoto. Basi, nimeshafanya. Mimi ninayeogopa maji kuliko nyoka!

Yeye ndiye aliyetaka. Tangu shule iwapeleke bwawani mwezi uliopita hana habari nyingine – na mtoto huyu akianza habari hata redio inanyamaza, ndiyo maana tunamwita Chiriku. Ana miaka kumi. Tangu baba yake ahame hapa, mwaka wa pili sasa, sijamwona akikitaka kitu hivi. Ningekataaje?

Kocha ni mama wa makamo, mfupi, filimbi shingoni na sauti isiyohitaji filimbi. Kanipa mwongozo wa wazazi, kurasa mbili. Kasema ni wa kusoma, si wa kufungia vitumbua. Aliposikia nafanya kazi duka la kopi akacheka: basi nitolee arobaini, wewe ni mzazi wa maana.

Jumanne, 4 Februari

Kopi arobaini, mbele na nyuma. Nimeikariri.

Taulo mbili. Jina kwenye kila kitu, hadi kandambili. Asishibe kabla ya kuingia majini. Afike robo saa mapema. Mzazi akae jukwaani, asisogelee ukingo wa bwawa. Mzazi asifundishe – mtoto hawezi kuwa na makocha wawili. Akitoka kwenye shindano usimuulize amekuwa wa ngapi.

Bosi wetu (tunamwita Stepla, akibana neno haliachii) akasoma begani kwangu. Kauliza haya ni masharti ya watoto au ya wazazi. Nikasema ya wazazi. Akasema hapo kocha ana akili, wasumbufu ndio hao.

Nimecheka. Sikujua ananisema.

Alhamisi, 6 Februari

Mazoezi ya kwanza. Kofia ilimbana hadi nyusi zikapanda, akawa kama mtu aliyeambiwa habari mbaya. Maji yakamwingia puani, akakohoa, akalia kidogo. Nilisimama. Kocha akanitazama tu. Nikakaa.

Mwisho wa saa moja alivuka upana wa bwawa akiwa ameshika ubao. Alipofika upande wa pili alinitafuta jukwaani kwa macho, akanipungia mkono. Mimi! Katika watu wote wale.

Njia nzima kurudi anaongea. Miwani inaacha alama kama bundi. Ukipuliza pumzi chini ya maji inasikika kama sufuria inachemka. Masikio yameniuma. Nimefurahi sana.

Jumatano, 19 Februari

Kocha anasema ana miguu mizuri. Ndivyo alivyosema, mbele ya wazazi wengine: huyu ana miguu.

Nimejikuta napima muda wake kwa simu. Naandika nyuma ya karatasi zilizoharibika kazini. Jana urefu mmoja wa bwawa sekunde 31. Leo 29. Nilimwambia kwenye ngazi za kutokea, hata hajavaa viatu. Kasema, "Kocha kasema tusihesabu bado." Nikasema Kocha hana haja ya kujua.

Baba yake kapiga simu. Kasikia mtoto kaingia kwenye timu. Jumamosi ya tarehe moja watoto watashindana wenyewe kwa wenyewe – atakuja kuangalia. Na mkewe.

Jumamosi, 22 Februari

Nimetazama video za waogeleaji tangu asubuhi. Nimemlaza Chiriku kifudifudi kwenye stuli ya jikoni, apige mikono hewani, mimi narekebisha kiwiko. Alicheka mwanzoni. Baadaye hakucheka. Alisema tumbo linamuuma, nikamwambia mara moja ya mwisho. Ilikuwa mara sita.

Dada yangu kanipigia, akamsikia analia nyuma. Kauliza kuna nini. Nikamwambia mazoezi. Kasema, "Mdogo wangu, huyo unayetaka kumshinda hayumo bwawani."

Nikakata simu. Anajifanya mganga!

Jumamosi, 1 Machi

Siwezi kuandika vizuri.

Walikuja. Yeye na mkewe. Yule mwanamke ana mabega ya mtu aliyeogelea tangu utotoni, inaonekana tu. Chiriku akamkimbilia: "Anti! Umekuja!" Wakaanza kuongea mambo ya kugeukia ukutani, kupiga teke, kujikunja – lugha ambayo mimi nimeijua wiki hii kwenye simu. Kumbe zile wikendi za kwa baba huwa wanaenda bwawani pamoja. Mtoto hakuniambia. Au aliniambia, nami nilikuwa nasikiliza sekunde.

Urefu mmoja, watoto sita. Alianza vizuri, wa pili! Sijui nilishukaje. Najua tu nilikuwa ukingoni kabisa, napiga kelele: "Miguu! Piga miguu! Miguu, Chiriku!" Akainua kichwa kunitazama. Kunitazama tu. Akameza maji. Akashika kamba, akakohoa, wenzake wote wakampita. Akamaliza wa mwisho, peke yake, watu wanampigia makofi yale ya huruma.

Nilimfunga taulo. Karatasi ya Kocha naijua yote, naijua kuliko aliyeiandika. Nikamwambia – hapa ndipo siwezi – nikamwambia, "Umeniaibisha mbele ya yule."

Tulipanda magari mawili hadi nyumbani na hakusema neno. Chiriku wangu. Hata moja.

Jumapili, 2 Machi

Nimemwomba radhi. Kasema, "Sawa, mama." Kwa adabu kabisa. Afadhali angenipigia kelele.

Alhamisi, 6 Machi

Kocha kaniita kwenye chumba cha vifaa. Maboya, mbao, harufu ya dawa ya maji. Kanipa stuli. Nikajua mtu akikupa stuli kabla ya maneno, maneno yenyewe ni mazito.

Kasema mashindano ni tarehe kumi na tano, timu nne. Chiriku atashiriki. Kisha kasema:

"Kaniomba kitu. Kaniomba nikuombe usije."

Nikasema mtoto wa miaka kumi haombi hivyo.

"Kaomba. Kalia, halafu kaomba. Kasema akikuona anasahau kupumua."

Nikauliza nani atakuwa naye siku hiyo, maana karatasi inasema kila mtoto awe na mtu wake mzima. Kocha akajishughulisha na kamba ya filimbi. Nikajijibu mwenyewe.

"Mama Chiriku," kasema, "nimefanya kazi hii miaka mingi. Wazazi wasiopenda watoto hawanisumbui. Hawaji."

Nikashukuru. Nilishukuru nini sijui. Nilitoka, nikamwona Chiriku kwenye mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo, ananichungulia usoni kuona kama nimeshaambiwa. Nikamtabasamia. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na uchungu wa mzazi, je? Naona mwana anaujua vizuri tu, ndiyo maana alijificha nyuma ya mlango.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempangia begi lake. Taulo mbili. Kandambili. Kofia nimeipaka poda isimvute nywele. Baba yake kaja kumchukua saa kumi na mbili jioni. Mlangoni nilikuwa na maneno mengi nimeyaandaa. Nikasema, "Pumua."

Akanikumbatia kiunoni. Haraka, lakini alinikumbatia.

Jumamosi, 15 Machi

Nilikwenda kazini. Nikakata vitambulisho vya watu upande wa picha. Viwili! Mteja mmoja amebaki na sikio moja. Stepla akaninyang'anya kisu cha kukatia, akasema, "Nenda huko unakokwenda, kabla hujamkata mtu kichwa."

Sikuingia. Nilikuwa nimeahidi. Nyuma ya bwawa kuna ukuta na chumba cha pampu, pamoto, pananguruma. Nilisimama hapo na mkoba wangu kama mwizi anayesubiri watu walale. Kipaza sauti kinasikika vizuri. Walimtaja – jina lake la shuleni, njia ya nne. Halafu kimya. Halafu filimbi. Halafu makelele ya watu wote kwa pamoja, na humo ndani sauti moja ya mwanamke, juu ya nyingine zote, inaita "Chiriku! Chiriku!"

Nilitaka kumchukia. Nilijaribu, wallahi. Lakini alikuwa anaita jina tu. Hakumwambia apige miguu.

Sikuona chochote. Nimeona ukuta, rangi ya bluu imebabuka, mtu kaandika USIKOJOE HAPA. Kipaza sauti kikasema wa pili ni njia ya nne. Nikapiga makofi. Mlinzi wa pampu akatoka akaniuliza, "Mama, unatafuta nani?" Nikasema simtafuti mtu.

Jumapili, 16 Machi

Karudishwa saa tisa. Medali ya fedha, na nywele zimesukwa upya, mistari minyoofu mno. Anaongea, anaongea, anaongea! Tangu tarehe moja sijamsikia hivi. Nikamwacha aongee. Sikumwambia nilikuwepo. Nilikuwepo? Sijui kama kule nyuma kunahesabika.

Jumatatu, 17 Machi

Barua ya Kocha, nzuri na mbaya, karatasi moja. Chiriku kapandishwa kundi la juu. Kundi la juu linafanya mazoezi asubuhi, siku nne kwa wiki, saa kumi na moja na nusu majini, kisha shule.

Kutoka hapa kwetu ni magari mawili na la kwanza linaanza saa kumi na mbili. Nyumba ya baba yake iko mkabala na bwawa. Ukifungua dirisha unasikia filimbi.

Barua haisemi ahamie huko. Hapakuwa na haja.

Alhamisi, 20 Machi

Yule mwanamke kaja dukani. Nilidhani mteja, nikanyoosha mkono kupokea karatasi. Hana karatasi. Stepla akaona uso wangu, akaenda kupanga wino ambao umepangika.

"Dada," kasema, "sikuja kumwombea mtu. Baba yake angekuja, lakini angekuja na maneno yake yale."

Nikacheka bila kutaka. Maneno yale nayajua, nimeishi nayo miaka tisa.

"Akikaa kwetu siku za shule, Ijumaa jioni ni wako. Likizo ni wako. Ukikataa, mimi nitakuwa nakuja kumchukua kwako saa kumi alfajiri kwa gari, kila siku. Sitachoka."

Nikamwambia atachoka. Kasema pengine. Kisha kasema, "Ananiita anti. Sijawahi kumwambia aniite jina lingine. Wala sitamwambia."

Hapo ndipo palipouma. Angekuwa mchawi ningejua la kufanya. Kwa mtu mwema unajikingaje?

Ijumaa, 21 Machi

Nimemuuliza Chiriku mwenyewe. Tulikuwa tunakunja nguo.

"Unataka kwenda kukaa kwa baba, upate mazoezi ya asubuhi?"

Akakunja soksi moja, polepole. "Wewe unataka niende?"

"Nimekuuliza wewe."

"Nikisema nataka, utalia?"

"Silii."

"Mbona unalia sasa?"

Nikasema vumbi. Akasema nguo zimetoka kufuliwa, mama, vumbi limetoka wapi? Tukacheka wote wawili. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, akiangalia soksi, "Nataka kidogo."

Kidogo! Mtoto amepima kabisa, asinizidishie.

Jumatano, 26 Machi

Nimetia sahihi fomu ya kundi la juu. Pale penye "mtu mzima atakayemleta mtoto" nimeandika jina la yule, herufi kubwa, lisomeke. Nilitoa kopi tatu. Stepla kanitengea chai.

Dada kasema mtoto hapotei kwa kupanda magari mawili. Kweli. Najua ni kweli. Dada ana wanne, wote wako nyumbani kwake.

Jumapili, 30 Machi

Gari limefika mapema. Walisema saa kumi, sasa ni tisa na nusu. Sijamaliza kumpangia. Daftari nimeingia nalo bafuni, nimekaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

Baba yake kapiga honi mara moja, kisha nikasikia mwanamke anamwambia aache, ampe mtu nafasi. Chiriku alikwenda dirishani akawapungia. Anawaeleza kwa kelele kwamba anakuja na mto wake, na lile blanketi, na kwamba mama amesema Ijumaa atampikia chochote anachotaka. Sikusema hivyo. Lakini nitampikia.

Sasa amerudi ndani. Nasikia kandambili zake sebuleni, jikoni, chumbani kwangu. Ananitafuta. Anafungua milango. Hakuna milango mingi nyumba hii.

Nilikuwa nimejiandaa kusimama pale nje vizuri, kama mtu. Nimevaa hata ile blauzi ya kijani.

Anagonga. "Mama? Uko humo?"

Nimesema naja.

"Unafanya nini?"

Nimefungua bomba asinisikie. Nimemwambia nanawa uso. Amesema, "Basi nakusubiri hapa hapa," na nimemsikia anakaa chini, mgongo mlangoni, begi limeanguka kando yake. Hajaondoka. Honi haijalia tena. Ananihadithia, kupitia mlango, jinsi samaki wanavyopumua chini ya maji. Nafunga bomba nimsikie vizuri.