Kulipima Shamba la Cankuzo

Muscat, 3 Juni 2024

Baba mpendwa,

Assalamu alaykum. Hujambo na afya yako? Mimi sijambo, ila joto limetuchosha.

Nimechoka pia na kazi ya ghala. Nimeambiwa kuna shamba linauzwa mlimani, huko Cankuzo. Nataka kurudi niishi kwa kulima na kufuga, nisimtegemee mtu. Tafadhali nenda ukalipime kama ulivyosahihisha insha zetu shuleni, bila huruma. Ukisema linafaa, Desemba nitakuwa nyumbani.

Mwanao,
Azzan

Bujumbura, 28 Juni 2024

Mwanangu Azzan,

Wa alaykumu s-salaam. Namshukuru Mungu, natembea.

Mafuta hayapatikani, kwa hiyo nilisubiri basi siku mbili. Udongo wa shamba ni mweusi. Nilichimba hadi kiwiko bila kugusa jiwe. Chemchemi iko mwendo wa robo saa, na majirani wanasema haikauki hata Agosti. Mbuzi watapata majani.

Lakini barabara inaishia bondeni, saa mbili kwa miguu. Mgonjwa hushushwa kwa machela, na kila nyumba hutoa mtu wa kubeba. Jirani yako angekuwa Salvator. Nilipomweleza kuwa unataka kukaa peke yako, alicheka: "Huyo mutoto wako hatabeba wenzake? Basi siku akiugua, ashuke na miguu yake."

Nilimwuliza kama mtu anaweza kulipa badala ya kubeba. "Apana, mzee. Sisi hatukodishwi."

Shamba ni zuri. Kwa mtu asiyetaka watu, halifai.

Baba yako

Muscat, 2 Septemba 2024

Baba,

Assalamu alaykum. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Natumaini u mzima.

Chumba chetu kina wanaume wanane. Nilitaka mahali ambapo hakuna mtu wa kuniita. Nimetia saini mkataba wa miaka mitatu mingine.

Kwa nini hukuiacha habari ya machela? Ningekuja, na nikishafika ningezoea.

Azzan

Bujumbura, 20 Septemba 2024

Mwanangu Azzan,

Wa alaykumu s-salaam. Barua yako imefika, nami ni mzima.

Nilifikiria kuiacha. Nilifikiria tangu Cankuzo hadi Gitega, na basi lilikwenda polepole. Mwezi wa Mei niliugua homa siku tatu humu ndani, na hakuna aliyebisha hodi. Kwa hiyo nilitaka uje zaidi ya ulivyodhani. Hata hivyo, sikuweza kukuita kwa nusu ya habari.

Jumatatu nahamia kule. Salvator ana chumba kitupu. Nilimwambia kuwa mabega yangu yamekwisha. Akasema, "Sauti bado iko, mzee. Utatangulia mbele, uite watu watoke."

Ukitaka kuja, hata kwa wiki moja, niandikie siku yenyewe mapema. Nahitaji saa mbili kushuka barabarani, na siku hizi labda tatu.

Baba yako,
Moosa