Dohani ya Santa Obdulia

Santa Obdulia, 20 Septemba 1928

Mwanangu Evaristo,

Hujambo, baba? Kifua kimezoea unyevu wa pwani? Mimi ni mzima, ila shingo inaniuma kwa kutazama juu. Wamemaliza dohani ya tatu. Marehemu baba yako alipowasha moto wa ile ya kwanza, hapa palikuwa na mahema na vumbi tu. Njoo uone sasa. Tuna ukumbi wenye viti vya mahameli, bendi ya tarumbeta kila Jumapili, na taa nyingi mpaka abiria wa treni wanadhani wameshafika bandarini. Jangwa tupu, hakuna tone la mvua, hakuna jani, na bado tumesimamisha mji. Wanaume wanalipua ardhi, mawe yanasagwa na kuchemshwa, na shura inayotoka, nyeupe kama sukari, ndiyo mbolea inayokuza ngano ya Ulaya nzima. Nilimwambia rafiki yangu Bi Zunilda wa mtaa wa chini kwamba huko Ulaya wanakula jasho la mume wangu. Akanijibu, "Ndiyo maana mkate wao una chumvi."

Nimeshamtangazia kila mtu kwamba wewe ni fundi mkuu wa karakana. Usiniangushe.

Mama yako,
Eduvina

Iquique, 3 Machi 1930

Mama, shikamoo.

Mimi sijambo, kikohozi kimepungua. Wewe je, na miguu? Fundi mkuu bado, Mama. Nakata vyuma tu na kufagia.

Nina neno zito. Zamani meli zilizosubiri shura zilijaa hapa mpaka huoni bahari. Leo nimesimama gatini nikaona maji matupu. Mabaharia wanasema Wajerumani wanatengeneza shura kutoka hewani. Hewa, Mama, hii hii tunayovuta. Nimepata chumba mlimani, kitanda chako kinaenea. Njoo kabla kampuni haijakata maji.

Mwanao,
Evaristo

Santa Obdulia, 11 Agosti 1930

Mwanangu,

Nakusalimu, mimi mzima. Nilikaa miezi nikitafuta namna ya kukucheka. Kama ni hewa, nilitaka kukuandikia, sisi tunayo ya kuwauzia Wajerumani, tena na vumbi tunawaongezea.

Basi jana mashine zilisimama. Tangu nije hapa sijawahi kuzisikia zikinyamaza, hata siku tuliyomzika baba yako. Nilikuwa nakanda mkate, mikono ikaacha yenyewe. Nikatoka na unga mpaka viwikoni. Bi Zunilda akaja kutoka mtaa wa chini na povu la sabuni, wanaume wakatoka wamenyoa shavu moja. Mtaa mzima tulisimama kama kanisani. Ndipo nikasikia mabati ya paa yakilia kwa kutanuka juani, nyumba baada ya nyumba, mpaka mwisho wa mji. Kumbe siku zote yalikuwa yakisema. Vichanga wakaanza kulia, maana wamezaliwa ndani ya kelele. Bi Zunilda akaninong'oneza, "Eduvina, sasa hata ninachokuwazia utakisikia."

Wanasema ni matengenezo. Mimi nabaki. Mji kama huu hauachwi peke yake.

Mama yako

Iquique, 2 Mei 1934

Mama, shikamoo.

Natumaini mlinzi aliyeachwa na kampuni anakuletea maji ya kutosha na kwamba anasifu maharage yako, maana tangu wengine wote wahame umebaki na mtu mmoja tu wa kumpikia. Mimi afya ninayo, usingizi sina.

Tajiri wangu ameinunua Santa Obdulia. Yote, Mama: chuma, mbao, mabati. Ameinunua ili aibomoe, na kwa kuwa nimezaliwa hapo amenifanya msimamizi. Tutaanza na mtaa wa chini, kisha dohani ya Baba. Bi Zunilda, anayeuza samaki hapa chini ya mlima, alisikia habari. Akanitemea mate miguuni mbele ya wateja, akaniita mvunja makaburi. Kazi nyingine mjini hakuna. Lakini ukisema niikatae, naikataa leo.

Mwanao

Santa Obdulia, 15 Mei 1934

Evaristo,

Mimi mzima. Siruhusu na sikatazi. Lori litakalokuleta ndilo nitakaloshukia pwani. Tukipishana, usinitazame usoni.

Mama yako

Santa Obdulia, 30 Juni 1934

Mama, shikamoo.

Unaendeleaje na ukungu wa asubuhi? Nimekuandikia mara mbili, hujajibu. Labda na hii hutajibu.

Leo dohani ya Baba imeanguka. Tuliikata chini, tukavuta kamba. Ilisita. Kisha ikainama polepole kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, ikalala. Ardhi iliturusha. Vumbi likasimama palepale ilipokuwa, refu kuliko yenyewe, na kwa muda tukawa na dohani nyingine, ya vumbi, inayong'aa kwa jua. Watu walivua kofia bila kuambiwa. Nilitamani uione, tena nikashukuru hukuiona.

Sasa umebaki mtaa wetu. Leo nimesimama mlangoni pako na mtaimbo, nikashindwa. Nitangoja treni ya Jumamosi. Isipoleta neno lako naacha kazi, na chumba unacholala, ninacholipia kwa mshahara wake, kitakwenda nayo.

Mwanao

Iquique, 5 Julai 1934

Mwanangu mpenzi, msimamizi wangu,

Hujambo, baba? Unakula? Mimi nina mafua na nina maneno mengi, kaa chini.

Jana Bi Zunilda alinipandisha juu kabisa ya mlima, nisikowahi kufika, kununua makaa. Hatusemi sana siku hizi, kwa sababu yako. Ghafla akasimama. Mbele ya nyumba mpya palikuwa na mlango wake, ule wa mtaa wa chini, na rangi ya bluu aliyoiiba kwenye karakana ya treni. Tukageuka huku na huku. Evaristo, mlima mzima ni sisi! Mabati yetu juu, mbao zetu ubavuni, kinyozi ameketisha wateja kwenye viti vya mahameli. Watu waliofukuzwa kwenye machimbo mengine wanalala ndani ya Santa Obdulia, na bahari wanaiona.

Bi Zunilda akaweka kiganja kwenye mlango. Mwenye nyumba, binti mdogo tu, akatoka, akaushika kwa mikono miwili akidhani tunaudai. Nikajua sasa matusi yatatoka. Bi Zunilda akamwambia, "Usiogope, mwanangu. Wakati wa joto unakwama. Unyanyue kidogo ndipo uvute."

Njiani akalia, kisha akasema nikuambie mbao zake hazikupasuka hata moja. Nikamjibu, ulidhani nimezaa mtu wa kupasua mbao?

Basi anza mtaa wetu. Mlango wangu ung'oe pamoja na bawaba zake, nitamwomba tajiri wako mimi mwenyewe anipe. Jirani wa yule binti ana watoto wachanga, na mlangoni pake pananing'inia gunia. Nimeshamwahidi.

Mama yako,
mama wa msimamizi